Kuanzisha kikundi cha wenye ugonjwa wa Crohn na kolaitisi: mwongozo kamili

Mtu anayeharisha damu miezi kwa miezi hasemi. Kazini anaaga kwamba ana malaria, nyumbani anasema amekula kitu kibaya, na mchumba haambiwi lolote. Wengi wetu tulitibiwa amiba, taifodi na vidonda vya tumbo mara nyingi kabla ya daktari kuingiza kamera na kukuta utumbo wenyewe umevimba na kuchubuka. Haya ni magonjwa mawili ya muda mrefu: Crohn, inayoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, na kolaitisi, ya utumbo mpana. Siku hiyo unatoka hospitali na karatasi ya dawa na swali moja kichwani: kuna mwingine mwenye kitu hiki hapa mjini?

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kulijibu swali hilo kwa kuwakusanya watu. Afrika Mashariki kazi hii si ngeni. Shirika la TASO la Uganda lilianza mwaka 1987 kwa watu walioathiriwa na UKIMWI kukutana na kutiana moyo wakati hakukuwa na dawa, na vikundi vya watu wanaoishi na VVU vimeenea Tanzania na Kenya hadi vijijini. Kwa upande wa matumbo yetu, shirika la wagonjwa la Marekani lilianza New York mwaka 1967 na la Uingereza mwaka 1979. Tuna pa kujifunzia.

Ninachoamini kuhusu vikundi hivi ni kimoja: ni mahali pa kusema mambo ambayo huwezi kuyasema kwingine. Kikigeuka kliniki kitaumiza watu, na kikigeuka kikoba kitagombanisha watu. Karibu kila kanuni iliyomo humu inatokana na hilo.

Tafuta wenzako wawili kabla ya kutangaza

Usianze na katiba, nembo wala fulana. Anza na watu watatu, wewe ukiwa mmojawapo. Sababu ni ugonjwa wenyewe: huamka bila taarifa, na siku ya mkutano mwendeshaji anaweza kuwa amelazwa au hawezi kutoka chooni. Mkiwa wawili, kuna siku mtaugua wote. Mkiwa watatu, mlango utafunguliwa.

Gawaneni kazi mapema. Mmoja ashike simu ya kikundi, yenye laini yake mwenyewe, isiwe namba yako binafsi. Wa pili aongoze mazungumzo. Wa tatu ashughulikie mahali, maji na daftari. Kama mnaweza, ombeni muuguzi au daktari mmoja awe mlezi wenu. Kazi yake ni kujibu maswali yanayowazidi na kuja pale mnapomwalika. Asikae kila mkutano, kwa sababu akiwapo watu hugeuka wagonjwa wanaosubiri kuulizwa, na yale waliyokuja kuyasema hayasemwi.

Wapate watu bila kuvunja siri zao

Wagonjwa wetu hupatikana sehemu moja: chumba cha kipimo cha kamera. Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi na Mulago ya Kampala, wote wana huduma hiyo, na muuguzi wa chumba kile anawajua wagonjwa kuliko mtu mwingine yeyote. Nenda kwake kwa adabu, ukiwa na barua fupi inayoeleza nyinyi ni nani na hamuuzi kitu. Muachie kadi ndogo zilizoandikwa hivi:

"Umeambiwa una Crohn au kolaitisi? Hapa mjini tupo wengine. Tuma ujumbe kwa namba hii. Hatutakuuliza unafanya kazi wapi wala kabila gani."

Usimwombe orodha ya majina hata kama mmezoeana. Kadi inampa mgonjwa nafasi ya kuamua mwenyewe. Tena sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo muuguzi anayekupa majina anajitia matatani kwa ajili yako.

Mtu akituma ujumbe, mpigie kabla ya kumwalika. Mazungumzo haya ya kwanza ni nusu ya kazi yote. Msikilize, mweleze kikundi kinafanyaje, muulize anaumwa nini na nani alimwambia. Hapo utakutana na suala la nani aingie. Wapo ambao matumbo yao husokota na kuharisha lakini utumbo hauna uvimbe wala vidonda. Shida yao ni ya kweli, ila njia yao ni nyingine. Wapo pia ambao bado wanachunguzwa. Mimi huwakaribisha hawa wa pili kuja kusikiliza, kwa sharti moja: wasitoke pale wakijiita wagonjwa wa Crohn. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn hata kwenye kamera, na mtu mwenye kifua kikuu akinywa dawa za kushusha kinga kwa sababu alisikia kikundini, anaweza kufa. Kichocho na amiba nazo huleta damu kwenye haja. Kutaja ugonjwa ni kazi ya maabara na daktari.

Chagua mahali kwa kuangalia choo

Hili watu hulidharau, na ndilo linaloamua nani atarudi. Kabla ya kukubali ukumbi wa kanisa, darasa au chumba cha ofisi ya kata, ingia chooni wewe mwenyewe. Funga komeo uone kama linashika. Fungua bomba, likitoa upepo, uliza kama kuna ndoo na kopo na nani huzijaza. Hesabu milango: choo kimoja kwa watu kumi wa aina yetu hakitoshi, angalau viwe viwili. Kisha tembea kutoka kwenye viti hadi mlangoni kwa mwendo wa kawaida. Kama ni lazima upite mbele ya watu wote, au uombe ufunguo kwa mlinzi, tafuta kwingine. Choo cha kukaa ni bora, maana ugonjwa huu huwashika wengi magoti na nyonga, na kuchuchumaa ni mateso. Siku ya mkutano wekeni tishu, sabuni na dawa ya kuondoa harufu bila kusubiri mtu aombe.

Mahali pawe karibu na kituo cha daladala, na muda uwe kuanzia saa nne asubuhi au alasiri. Asubuhi na mapema tumbo la wengi wetu halitabiriki, na anayetoka Mbagala kwenda Mwenge anajua saa nzima ndani ya basi ina maana gani. Mara moja kwa mwezi inatosha. Chagua siku isiyobadilika, mathalani Jumamosi ya kwanza, ili mtu aliyekosa miezi mitatu ajue bado mpo pale pale.

Mkutano wa kwanza

Watu sita hadi kumi na wawili ni idadi nzuri. Pangeni viti duara, viwili vitatu karibu na mlango kwa wanaopenda kuwa karibu na njia. Saa moja na nusu, isizidi mbili.

Anza kwa kusema wewe, kwa sababu hakuna atakayekutangulia. Na usiseme kwa mafumbo. Ukisema "tumbo langu linasumbua", kila mtu atajificha nyuma ya maneno hayo hayo. Sema: "Naitwa mama fulani. Nina kolaitisi. Ugonjwa ulipoamka mara ya mwisho nilikuwa naenda haja mara nyingi kwa siku, damu tupu, na kuna siku nilijichafua njiani." Utaona mabega ya watu yakishuka.

Kisha taja makubaliano, polepole, kila mkutano, hata kama waliopo wote wameyasikia:

"Yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Jina la mwenzako hulitaji nje, hata kwa mumeo au mkeo. Kila mtu ataongea bila kukatizwa, na asiyetaka kuongea atasema 'napita' na hakuna atakayemuuliza. Kutoka nje hakuhitaji ruhusa. Tunasimulia yaliyotupata sisi. Hatumwambii mwenzetu aanze, aache wala abadilishe dawa."

Baada ya hapo zungukeni. Kila mmoja aseme anachotaka kwa dakika tatu au nne. Kazi ya mwendeshaji ni kulinda zamu. Mzee akianza kumhutubia kijana kuhusu maisha, mshukuru na urudishe neno kwa kijana: "Ahsante baba. Mwanangu, ulikuwa unamalizia." Mtu akilia, usikimbilie kumnyamazisha kwa "usilie, Mungu yupo". Mpe tishu, mkae kimya kidogo, kisha muulize kama angependa kuendelea au kupumzika. Wanaume huchukua mikutano kadhaa kabla ya kufunguka. Waache.

Nusu saa ya mwisho iwe ya maswali ya vitendo: dawa fulani inapatikana duka gani wiki hii, bima imekubali kulipia kipimo gani, nani anafahamu fundi wa kushona mikanda ya kushikilia mfuko wa haja unaovaliwa tumboni baada ya upasuaji. Habari hizi ndogo ndizo zinazowarudisha watu mwezi unaofuata.

Ushauri wa dawa: hapa ndipo watu huumia

Lazima mwendeshaji ajue mambo machache kwa uhakika, ili akisikia jambo la hatari alizuie papo hapo.

La kwanza ni prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Inafanya kazi haraka, bei yake ni nafuu, na huvimbisha uso na kuongeza hamu ya kula. Mtu akijiona kwenye kioo anaiacha ghafla. Aliyeinywa kwa wiki kadhaa mwili wake umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo, na kuiacha kwa mkupuo kunaweza kumwangusha kwa shinikizo la damu la chini na hata kumuua. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa ratiba ya daktari. Upande wa pili, wapo wanaoinunua wenyewe dukani mwaka hadi mwaka kwa sababu "inanisaidia", huku mifupa ikidhoofika na sukari ikipanda. Wote wawili wanahitaji kurudi kliniki, na kikundi kiwasukume kwa upendo.

La pili ni dawa za maumivu. Viungo vikiuma mtu huenda duka la dawa akapewa diklofenaki au ibuprofeni, na kwa wengi wetu hizo zinaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia. Parasetamoli ni salama zaidi. Hili moja tu, likisemwa kila mkutano, litawaepusha watu na kulazwa.

Anayetumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga, anatakiwa kupimwa damu kwa ratiba, kwa kuwa dawa inaweza kushusha chembe nyeupe na kuathiri ini. Anayekaribia kuanza infliximabu, nayo ya kushusha kinga, apimwe kifua kikuu kwanza, kwa sababu inaweza kukiamsha kilicholala mwilini, na kwetu kifua kikuu kipo. Watumiaji wa dawa hizi za kushusha kinga wasichanjwe homa ya manjano kabla ya kuongea na daktari: chanjo hiyo ina kirusi hai, na msafiri anaweza kuchanjwa haraka haraka ili tu apate kadi. Sulfasalazini, dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, inaweza kugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, jambo linalomtisha kila anayeanza. Na kwa wanaume hupunguza mbegu kwa muda, hali ambayo hurudi kawaida dawa ikiachwa au kubadilishwa. Kuna ndoa zimeingia kwenye maneno kwa kutojua hilo.

Halafu kuna mganga, na kuna muuza virutubisho. Watakuja, wakati mwingine wakiwa wanachama wenyewe. Usimtukane anayetumia mitishamba. Ukimtukana ataendelea kuitumia kwa siri na hatamwambia daktari. Mwombe aifikishe habari hiyo kliniki, na asiache dawa zake. Lakini kuuza ndani ya kikundi ni marufuku bila mjadala. Anayeuza aonywe mara moja, ya pili aondolewe.

Jua lini mazungumzo yanakoma

Kipimo kimoja ambacho madaktari wamekitumia tangu mwaka 1955 mnaweza kukikariri: haja zenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayopita nyuzi 37.8 au moyo unaopiga zaidi ya mara 90 kwa dakika. Mtu wa namna hiyo ana kolaitisi kali na anahitaji kitanda cha hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa tumbo lililovimba na kuwa gumu, kutapika bila kupata choo wala ujambo, au usaha na maumivu makali karibu na njia ya haja. Msianze kumwuliza amekula nini. Mtafutieni usafiri.

Kuna na hatari isiyo na homa. Mwenye ugonjwa huu anaweza kufika mahali akasema heri afe. Akilisema, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na mmoja wenu amsindikize hospitali.

Kundi la WhatsApp

Litakuwepo mtake msitake, basi liwekeeni utaratibu siku ya kwanza. Wasimamizi wawili, wao tu wanaoongeza watu, na jina la kundi lisitaje ugonjwa. Simu ikiachwa mezani, ujumbe unaotokea kwenye kioo husomwa na kila anayepita. Jina la kawaida kama "Marafiki wa Jumamosi" linatosha. Kabla ya kumwingiza mtu, mweleze kwamba namba yake itaonekana na wote, maana wapo watakaochagua kubaki na mkutano pekee. Picha za haja, matokeo ya vipimo na nyaraka za mtu mwingine zisitumwe. Video za "tiba iliyofichwa" zifutwe na msimamizi bila kuanzisha ubishi.

Usiku wa manane mtu ataandika: "Mpo? Siwezi kulala." Hapo kundi linafanya kazi yake hasa. Aliye macho amjibu, hata kwa sentensi moja.

Mada ambazo hazikauki

Chakula kitawachukua mikutano mingi, na mwendeshaji asiruhusu orodha moja ya watu wote. Hakuna mlo mmoja uliothibitika kumfaa kila mgonjwa. Mmoja anakula maharage vizuri, mwingine yanamlaza. Daftari la wiki mbili tatu, alichokula na kilichotokea, humfundisha mtu kuliko ushauri wetu. Isipokuwa wale ambao utumbo umekuwa mwembamba kwa makovu: hao miwa, mahindi ya kuchoma, njugu na maembe yenye nyuzi vinaweza kuziba njia, na wanapaswa kupata maelekezo yao binafsi. Kuvuta sigara huzidisha Crohn. Semeni hivyo waziwazi.

Kabla ya Ramadhani tengeni mkutano mmoja kwa saumu. Wenye ugonjwa uliotulia wengine hufunga, lakini suala la dozi, maji na lini kufungua lizungumzwe na daktari mapema, si usiku wa kuamkia mwezi. Kama mna sheikh anayeelewa ruhusa ya mgonjwa, mwalikeni. Maneno yake huwapunguzia watu hatia ambayo sisi hatuwezi kuiondoa.

Uzazi nao. Mara nyingi ujauzito huenda vizuri ukitungwa ugonjwa ukiwa umetulia, na dawa nyingi huendelea kutumika. Methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, ndiyo isiyotakiwa kabisa. Mwanamke asiache dawa zote kwa woga kabla ya kuonana na daktari wake. Na wenye kolaitisi ya miaka mingi wakumbushwe uchunguzi wa kamera: baada ya kama miaka 8 tangu dalili zianze, daktari huanza kutafuta dalili za awali za saratani ya utumbo mpana, hata kama mtu anajisikia mzima.

Kwa anayeambiwa atatolewa utumbo na kuvaa mfuko, mkutano hautoshi. Mtafutie mtu mmoja anayeishi na mfuko, wa jinsia yake na umri wa karibu naye, amtembelee kabla ya upasuaji. Atamwonyesha mfuko ukiwa chini ya shati, amwambie unamwagwa vipi safarini na ngozi inatunzwaje kwenye joto la pwani. Baada ya hapo mgonjwa huenda kwenye upasuaji akiwa na sura ya mtu hai kichwani.

Fedha na usajili, kwa ufupi

Miezi sita ya kwanza msikusanye fedha zaidi ya maji na tishu. Mchango wa kumsaidia aliyelazwa uwe wa hiari, utumwe moja kwa moja kwake, na asiyechanga asitajwe. Mkihitaji kusajiliwa, Tanzania anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Kenya ipo sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Kampuni ya dawa ikitaka kuwafadhili, kubalini tu kama haitaki majina ya wanachama wala kuchagua mada.

Mkishakuwa imara mnaweza kudai mambo. Illinois, Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2005 inayoyabana maduka yamruhusu mwenye ugonjwa kama huu kutumia choo cha wafanyakazi, baada ya binti wa miaka 14 mwenye Crohn kunyimwa choo dukani. Hapa kwetu anzeni na barua ya daktari kwa mwajiri na kwa mwalimu mkuu, inayoomba mtoto atoke darasani bila kunyoosha mkono. Tarehe 19 Mei ni siku ya dunia ya magonjwa haya, nafasi nzuri ya kuongea redioni, mradi anayeongea amechagua mwenyewe kujulikana.

Wakipungua, na zamu yako ikiisha

Watakuja kumi, kisha wanne. Mara nyingi waliokosekana wamepata nafuu, na hiyo ni habari njema. Wapigie simu mara moja bila kulaumu: "Tulikukumbuka, mlango uko wazi." Wakija wanne, fanyeni mkutano wa wanne. Usiuahirishe kamwe kwa sababu ya idadi, kwani huyo mmoja aliyejikaza kupanda daladala pengine ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote.

Mwendeshaji asikae zaidi ya mwaka mmoja au miwili bila kupokewa. Kusikiliza maumivu unayoyajua kwa mwili wako mwenyewe kunachosha, na msongo huo unaweza kuonekana tumboni. Anza kumwandaa mrithi miezi mitatu kabla: mwache aongoze duara ukiwa umekaa pembeni, kisha mkabidhi laini ya simu, daftari, namba ya muuguzi wa chumba cha kamera na ya mwenye ukumbi. Mwezi unaofuata njoo ukae kwenye duara kama mwanachama, na zamu yako ikifika, sema unavyoendelea.